Nywele za Madam Ndani ya Soksi za Baba

Niseme mapema ili tusipotezeane wakati: nywele zilikuwa za madam, soksi zilikuwa za baba, na mafundo niliyafunga mimi kwa mikono yangu hii miwili. Hayo sijawahi kuyakana mbele ya mtu yeyote. Nilichokataa, na ninachokikataa hadi leo, ni kuitwa mchawi na watu walioshindwa kumfukuza panya.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi za ndani kwa familia hiyo tulikaa Riyadh, katika nyumba mpya ambayo milango yake ilikuwa bado inanuka vanishi. Humo sikuwahi kuona hata mjusi. Kisha madam akashika mimba, akataka kuzalia karibu na mama yake, na tukahamia Jeddah, mtaa wa Nuzha, kwenye nyumba ya ghorofa mbili ya urithi. Baba, ndivyo nilivyomwita mume wa madam, alibaki na kazi yake Riyadh. Alikuwa akiondoka Jumapili alfajiri na kurudi Alhamisi jioni, akikuta kila kitu kimefuliwa, kimepikwa na kimefutwa vumbi, na kwa hiyo alidhani nyumba inajiendesha yenyewe.

Nyumba ile ilikuwa na mtende ulioegemea ukuta mpaka kwenye paa, na nyuma yake kulikuwa na mkahawa wa wali na kuku. Mtu yeyote aliyelelewa mashambani angejua hapo kuna nini. Wiki ya pili tu nikaanza kusikia mbio juu ya dari ya jikoni, mchana kweupe, mbio za mtu mwenye shughuli zake. Panya wa Jeddah si wa mchezo. Ni weusi, wembamba, wanapanda bomba la maji bila kushika breki. Huyu alikuwa jike, na alikuwa anajenga: karatasi laini za chooni zilipotea, pamba ya masikio ikapotea, soksi moja ya mtoto mchanga ikapotea pia.

Nilimwambia madam. "Madam, kuna panya." Akampigia baba simu Riyadh, akaniwekea spika ili nisikie mwenyewe.

"Mafi far," baba akasema. Hakuna panya. "Nyumba ya baba yangu haijawahi kuwa na far. Kama yupo, ni uchafu wake huyo."

Uchafu wangu! Mimi ninayesugua viungio vya vigae kwa mswaki.  Siku iliyofuata mkate ukakutwa umetafunwa pembeni, na madam akaniangalia mimi kwanza kabla ya kuuangalia mkate.

Tulijaribu mtego wa gundi. Wakanasa watoto wawili wa panya, wakalia kwa sauti nyembamba asubuhi nzima, na madam, ambaye alikuwa amejifungua siku kumi tu zilizopita, akalia pamoja nao. Mitego ikapigwa marufuku. Tulijaribu sumu. Mmoja akafia ndani ya ukuta, mahali pasipofikika, na kwa wiki nzima mama yake madam, aliyekuja kukaa nasi kwa ajili ya uzazi, akazunguka na chetezo cha udi huku ameziba pua. Sumu nayo ikapigwa marufuku. Panya hawakupigwa marufuku. Kazi ya kuwaondoa ilibaki kwangu, na vya kuwaondolea nilikuwa nimenyang'anywa vyote.

Ndipo nikakumbuka nyumbani Kitale. Fuko walikuwa wakitumalizia viazi vitamu chini kwa chini, na mama alikuwa akinipa gunia dogo niende kwa kinyozi pale sokoni kuomba nywele alizofagia. Tulizichanganya na pilipili kavu na kitunguu saumu kilichopondwa, tukafunga kwenye vitambaa, tukashindilia kwenye mashimo. Mnyama akikutana na harufu ya binadamu mlangoni mwake, tena yenye pilipili, anahama. Hakuna aliyemwita mama mchawi kwa jambo hilo. Walimwita mchoyo, kwa sababu aliwahi kwa kinyozi kabla ya majirani.

Na nywele katika nyumba ile zilikuwepo tele. Madam alikuwa anakatika nywele tangu ajifungue. Kila asubuhi nilikuta bonge kwenye brashi yake na jingine kwenye tundu la maji bafuni, nyeusi na ncha nyekundu za hina. Alikuwa akijiangalia kwenye kioo na kulia. Mama yake alisema ni jicho la watu. Mimi nilikuwa nikizitupa tu, mpaka siku moja nikajiuliza kwa nini natupa dawa.

Soksi nazo zilikuwa tele. Baba alivaa zile nyeusi nyembamba, na ikitoboka kidogo tu hakuivaa tena. Nikakusanya tisa. Kila soksi nikaitia nywele, pilipili na kitunguu saumu, nikaifunga mafundo matatu, kwa sababu soksi ile inateleza na fundo moja halishiki. Nikapanda ngazi madam akiwa amelala mchana, nikazipachika kila penye tundu: juu ya dari ya jikoni, nyuma ya kiyoyozi cha sebule, kando ya bomba, hata juu ya mlango wa chumba chao cha kulala, ambako panya alikuwa amelipenda kabati.

Miezi miwili pakawa kimya. Hakuna mbio, hakuna mkate uliotafunwa. Madam akafurahi sana. "Umeona?" akaniambia. "Ukisafisha vizuri, hawaji."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu nalijua. Ningesema wakati ule. Ningemshika mkono nikamwonyesha zile soksi. Lakini maneno yake yalinichoma, na mimi nikichomwa hununa, na nikinuna siongei. Nikajiambia, kaa hapo na usafi wako.

Jumamosi moja baba akiwa nyumbani, fundi wa kiyoyozi akaja. Alipanda ngazi sebuleni, akafungua kifuniko, akaingiza mkono, na kifurushi cha kwanza kikaanguka mbele ya miguu ya mama yake madam. Akaingiza tena, kikaja cha pili. Yule mama alikiokota kwa ncha za vidole, akakichana kwa mkasi, na nywele za binti yake, zenye hina kwenye ncha, zikamwagika juu ya zulia. Neno alilopiga kelele nalo sikuhitaji kutafsiriwa, kwa maana hata sisi tunalo: sihiri.

Fundi aliteremka na kwenda zake bila kuchukua hata bisibisi.

Madam hakupiga kelele. Aliinua mkono taratibu akajishika kichwa, pale juu ya sikio ambapo nywele zilikuwa zimebaki chache kabisa, kisha akaniangalia. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kelele zote. Nilikuwa nimemkanda mgongo mwanamke huyu uchungu ulipomwanza.

"Far!" nikasema. "Ni ya far, madam! Dawa ya far!"

"Mafi far!" baba akanguruma. "Miezi miwili hakuna far humu!"

"Hakuna kwa sababu ya hizo!"

Nani alinisikiliza? Walizunguka nyumba nzima, wakazikuta zote tisa, na ile ya juu ya mlango wa chumba chao ikamaliza maneno. Yule mama akavaa glavu, akaleta beseni la maji aliyoyasomea, akakaa chini na kuyafungua mafundo moja baada ya jingine, yote ishirini na saba, huku machozi yanamtiririka. Kila fundo lilipofunguka alimtazama binti yake kichwani. Kisha soksi zikachomwa uani.

Alasiri ile ile baba akaniita jikoni. Mezani kulikuwa na karatasi ya Kiarabu aliyoiandika kwa mkono wake na kidau cha wino. "Weka kidole hapa, Ijumaa unapanda ndege, unakwenda kwenu. Halas, yamekwisha. Ukikataa, Alhamisi nikirudi kutoka Riyadh tunakwenda polisi mimi na wewe." Akaibandika karatasi kwenye mlango wa friji kwa sumaku, kama orodha ya sokoni. Tangu saa hiyo nilikatazwa kuingia jikoni na kumshika mtoto. Kazi yangu ilibaki kufua na kuanika, juu ya paa, kando ya chumba changu.

Nilikuwa nimeipiga karatasi ile picha kwa simu kabla ya kutoka jikoni. Nikaituma pamoja na kisa chote kwa shoga yangu, mwanamke wa Mombasa tuliyekuwa majirani kazini Riyadh. Alikuwa amemtoroka kafili wake, tajiri aliyemdhamini, na sasa anaishi Manfuha, huko huko Riyadh, bila ikama, yaani bila kibali cha kukaa, wanawake sita chumba kimoja. Kiarabu alikijua kusoma na kusema. Akanipigia papo hapo.

"Yasema wewe mwenyewe, kwa hiari yako, umekubali kuwa umewafanyia sihiri watu wa nyumba hii."

"Panya wametajwa?"

"Panya hawamo. Shoga, we wajua ulofanya? Nywele za mke, soksi za mume, na mafundo juu yake! Tena mlangoni pa chumba chao! Huku huo ndo uchawi wenyewe, haukosi kitu. Hata mie ningeikuta kwangu ningepiga mayowe."

"Si ungeniambia mapema basi!"

"Kwani uliniuliza? Mtu apika dawa ya panya kwa nywele za tajiri wake halafu anyamaza!" Kisha akashusha sauti. "Sikiza. Usitie kidole. Hujui hiyo karatasi itakufuata wapi. Na polisi usingoje. Toka, chukua teksi hadi Bani Malik, kuna Wakenya tele, watakutia gari ya kuja huku. Tutabanana."

"Nikitoroka watasema nini?"

"Watasema mchawi katoroka."

"Basi siendi. Nimeingia hii nyumba kwa mlango nikiwa mfanyakazi. Sitoki kwa dirisha nikiwa mchawi. Na hiyo form sisign."

"Kichwa ngumu weye," akasema, na nikamsikia akilia.

Nisijifanye shujaa.  Nilijua kesi ya uchawi katika nchi ile si ya kuchekea, na nilijua kwamba nikiulizwa nimefanya nini, ukweli wangu unafanana na uongo wao. Nililala na viatu karibu na mlango. Lakini kila nilipofikiria kubonyeza kidole changu chini ya maneno yale, niliiona sura ya mama na lile gunia lake la kinyozi, na mkono ulikataa wenyewe. Kwamba mimi ni mkaidi nakubali, na kwamba nina mdomo nakubali pia, lakini uchawi hawataniwekea mdomoni.

Jumapili ilikuwa kimya. Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa naanika mashuka nikaona mkia mweusi ukipanda mtende. Alisimama ukingoni mwa paa, akanusa upepo, akanitazama.

"Karibu," nikamwambia kwa Kiswahili. "Karibu sana, umechelewa."

Huko chini mama yake madam ndiye aliyekuwa akipika. Gunia la mchele liliachwa wazi, ndoo ya taka ikalala jikoni, na sikuinua hata kidole, kwani kidole changu kilikuwa kimehifadhiwa kwa wino. Jumanne nikasikia zile mbio za zamani juu ya dari. Yule mama alipoleta chakula changu na kukiweka kwenye ngazi, macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kwa adabu kama amelala vizuri. 

Jumatano alasiri wakaja wageni kumwona mtoto, wanawake sita waliojipamba, na kahawa na tende na vikombe vile vidogo. Mimi niko juu nakunja nguo. Nikasikia kwanza kishindo cha sinia, kisha mayowe ya watu wanane kwa pamoja, kisha sauti ya madam ikipanda ngazi peke yake: "Taali! Taali! Yalla!" Njoo, njoo upesi!

Nilikunja shati nililokuwa nalikunja. Nikalikunja vizuri. Kisha nikateremka.

Wanawake wote walikuwa juu ya makochi. Katikati ya sebule, juu ya sinia ya tende, alikuwa amekaa yule jike, ameanguka kutoka kwenye tundu la kiyoyozi, amepigwa na butwaa, na mtoto wake mmoja bado amemng'ang'ania titi. Nilisimama mlangoni nikafunga mikono kifuani.

"Hii nini, madam?"

"Far!" akalia. "Far! Mtoe!"

"Mafi far, madam. Baba amesema hapa mafi far."

Wageni walinitazama mimi, wakamtazama yeye. Mmoja, mnene, aliyekuwa amesimama juu ya mkono wa kochi, akaanza kucheka na akashindwa kujizuia. Mama yake madam alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Sikuwaongezea neno. Nilichukua ndoo, nikamfunika panya na mtoto wake na tende zao, nikasukuma gazeti kwa chini, nikawabeba mpaka nje nyuma ya mkahawa na kuwaachia hapo. Kumuua sikumuua. Alikuwa shahidi wangu.

Nilidhani jioni hiyo nitaitwa niambiwe jambo, lakini sikuitwa. Alhamisi asubuhi karatasi ilikuwa bado kwenye friji, niliiona kupitia mlango wa jikoni. Shoga yangu akapiga simu mara tatu: baba anafika saa ngapi, mfuko umeufunga, teksi ije? Nikamwambia mfuko sijaufunga. 

Baada ya sala ya alasiri nikasikia hatua kwenye ngazi. Alikuwa madam. Tangu tuhamie hakuwahi kupanda kwenye chumba changu, na alisimama akihema, akitazama kitanda, ukuta, kalenda ya kanisa letu. Mkononi alikuwa na brashi yake, imejaa nywele, na soksi tatu nyeusi. Akaviweka kitandani pangu.

"Tengeneza," akasema.

Kumbe nilikuwa bado na hasira! 

"La, madam. Mimi nikifunga ni sihiri. Funga wewe."

"Mimi sijui."

"Nitakufundisha."

 Sikuinamisha macho. Kisha akachukua brashi yake na soksi zake, akatangulia kushuka.

Tulikaa sakafuni jikoni, yeye na mimi, kitunguu saumu katikati yetu. Mama yake alikaa kwenye kiti mlangoni akisoma dua kwa sauti ya chini, na nikamwambia asome tu, asome kwa nguvu, Mungu ananijua. Nikamwonyesha madam namna ya kuponda, namna ya kutenganisha nywele zisifanye bonge, namna ya kusukuma hadi kwenye vidole vya soksi. Fundo lake la kwanza likafunguka, pilipili zikamwagikia magoti yake.

"Kwa nini matatu?" akauliza.

"Soksi nyembamba. Inateleza."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Akafunga tena. Akasema bila kuinua uso, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilisema kuna panya, mkasema ni uchafu wangu."

 Lakini nilipoona anazitazama zile nywele zake mkononi, nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia zinakatika kwa sababu amezaa. Mama yangu zilimkatika kwa watoto wote sita, na kila mara zilirudi.

"Zilirudi?"

"Zote."

Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, na pilipili ikamwingia, akapiga chafya mara nne mfululizo. Mama yake mlangoni akaacha dua akamwombea rehema ya chafya. Tulikuwa katika hali hiyo baba alipofungua mlango, begi la safari mkononi.

Alimkuta mkewe sakafuni, soksi ya tatu mkononi, ncha moja ameishika kwa meno, anakaza fundo. Alimkuta mama mkwe kimya. Juu ya dari kitu kikakwaruza, kikakimbia kutoka ukuta hadi ukuta, na macho yake yakakifuata.

Nilisimama. Nikanawa mikono, nikaikausha kwa taulo bila haraka, nikaenda kwenye friji, nikabandua karatasi. Nikaiweka mezani mbele yake, na kidau cha wino nikakifungua kifuniko. 

"Baba," nikasema, "karatasi hii hapa. Nani anaweka kidole?"

Alitazama karatasi, akamtazama mkewe. Madam alitoa soksi mdomoni, akaipima kwa mkono kuona kama imekaza, kisha akamtazama mumewe miguuni.

"Vua na hizo ulizovaa," akamwambia. "Hizi hazitoshi."

Akavua.